Filamu Ambazo Hatukumaliza Kutazama

Siku yangu ya kwanza katika maktaba ya chuo nilikabidhiwa ufunguo wa kabati la mashine, na papo hapo nikakatazwa kuzigusa hizo mashine. Aliyenikabidhi alikuwa tata Mukalayi, yaani baba Mukalayi, mkuu wa maktaba wa wakati ule, mtu mrefu aliyevaa koti hata jua likiwa kali namna gani.

"Utafungula, utafunga," aliniambia. "Kushika, utashika siku nitaona mikono yako iko safi."

Nikamwonyesha mikono yangu kwa kiburi cha mtu aliyetoka kuhitimu. Akaitazama pande zote mbili, kisha akanipeleka kwenye bomba la maji.

Ninyi wadogo zangu mliobaki kazini mmeniomba niandike jinsi tulivyofikia kuwa na video katika maktaba. Mmoja wenu alitaka pia nieleze nilivyopanda vyeo. Hilo halina utamu, na wengi waliotia sahihi barua zangu hawakuwahi kukanyaga maktaba yenyewe. Nitaandika kuhusu video, kwa sababu hata leo, nimestaafu na ninapanda mboga, nikizitaja tu moyo unanienda mbio.

Katika kabati lile mlikuwa na televisheni yenye mgongo mkubwa, mashine ya kaseti, na kaseti zenyewe: uzazi, malaria, pampu za maji, mashauri ya mahakamani. Tata Mukalayi alinifundisha kusafisha kichwa cha mashine kwa spiriti na kipande cha shuka kuukuu. Pamba hapana, kwa sababu inaacha nyuzi. Kiangazi vumbi jekundu la migodini liliingia hata ndani ya kabati lililofungwa, basi nikazishonea mashine makoti ya kitenge. Walimu wakanicheka wakisema mashine za maktaba zinavaa vizuri kuliko wanafunzi. Masika kaseti ziliota ukungu, tukazianika kivulini kama samaki.

Jambo moja alilishikilia kwa ukali: usimpe mtu filamu ambayo wewe mwenyewe hujaitazama. Alinikalisha nikatazama zote mpaka mwisho, hata ile ya pampu za maji machafu, ambayo nilisinzia na akanirudisha mwanzo.

"Muntu akikuuliza iko namna gani, utamwambia nini?" alisema. "Utamwambia boîte yake, hii kasha, iko ya bluu?"

Baadaye zikaja diski. Zilikaa nasi muda mfupi na sina mengi ya kuzisifia. Zilikwaruzika haraka, na mwanafunzi mmoja wa kilimo alinirudishia diski ya magonjwa ya mahindi ikiwa imejaa mafuta ya beignet, maandazi yetu. Nilipomuuliza alisema aliitumia kama sahani, lakini kwa upande wa nyuma tu.

Kisha likaja jambo lenyewe. Mfadhili mmoja aliamua kuvilipia vyuo kadhaa haki ya kutazama mkusanyiko mkubwa wa filamu za masomo kupitia mtandao. Hakuna kaseti, hakuna diski, hakuna kupakua chochote: unafungua, unatazama, basi. Asubuhi tulipofunguliwa mkusanyiko huo nilikaa mbele ya kompyuta nikaandika neno "mgodi" kwa Kifaransa. Filamu zikaanza kushuka kwenye skrini, moja chini ya nyingine, nami nikishuka nazo, na mwisho hauonekani. Nikaandika "mkunga". Zikaja. Nikaandika "daraja", "mihogo", "figo". Zikaja tu! Nilipiga kelele mpaka mlinzi akafika mbio na fimbo mkononi, akidhani nimeona nyoka. Nikamkalisha kitini nikamwuliza yeye anataka kuona nini. Akasema nyuki. Tukatazama nyuki.

Kuwaeleza walimu haikuwa rahisi. Profesa mmoja wa sheria aliniletea flash akaniambia nimwekee filamu zote, atazipitia nyumbani wikendi. Nilimweleza kwamba filamu si zetu, tulichonacho ni ruhusa ya kuzitazama tukiwa kwenye mtandao wa chuo. Akaigeuzageuza flash yake, akasema, "Sawa, basi niwekee nusu."

Tata Mukalayi alikuwa amekwisha kustaafu, lakini alipita kutusalimia, naye nikamweleza.

"Kwa hiyo munafungula duka bila bintu," alisema.

"Bintu biko, tata. Biko mbali tu."

"Na courant ikienda?"

"Bintu nabyo binaenda."

Alicheka mpaka akashika meza. Bwawa la Nzilo liko karibu nasi, lakini umeme wake unapita juu ya vichwa vyetu kwenda viwandani kwanza, na sisi tunatumia unaobaki.

Nyie mnaoanza, hapa kuna mambo ambayo hakuna mafunzo yatakayowaambia. Ijaribuni filamu katika chumba kile kile itakamoonyeshwa, si ofisini kwenu, na kwa saa ile ile, kwa maana mtandao wa asubuhi na wa mchana ni watu wawili tofauti. Punguzeni ubora wa picha kabla mtandao haujawapunguzia wenyewe. Fungueni mapema, simamisheni, iacheni ijipakie mbele wakati mwalimu bado anasalimiana. Tena hakikisheni mara kwa mara kama filamu bado ipo, kwa sababu filamu za namna hii huondolewa bila kuaga. Nimewahi kuona mwalimu wa uuguzi amesimama mbele ya darasa zima, chaki mkononi, na kwenye skrini kuna maneno ya kuomba radhi tu.

Sasa niwaeleze kuhusu Ilunga. Alikuwa assistant, mwalimu msaidizi, katika idara ya madini, kijana mwembamba mwenye sauti kubwa, na alinijia siku moja amekata tamaa. Makampuni hayakuwa yanafungua tena milango yao kwa wanafunzi kama zamani. Vijana wake waliuona mgodi kwa kuchungulia kwenye uzio. Walikuwa wanamaliza masomo bila kuona hata mara moja ukuta wa mgodi ukisogea, na muda si mrefu wanaajiriwa kusimama chini yake.

"Mama Biblio," aliniambia, maana hilo, Mama wa Maktaba, ndilo jina nililopewa na chuo kizima, "uko na kintu ya kubaonyesha?"

Nilikuwa nacho. Nilikuwa nimekwisha kuzitazama zote, kwa mazoea ya tata Mukalayi: kuta zinazopasuka, kuta zinazovimba, kuta zinazoshuka polepole kisha ghafla. Lakini zilikuwa kwa Kiingereza, na maandishi ya Kifaransa yaliyopita chini yalitengenezwa na mashine isiyojua madini. Tena mtandao wetu uliweza kubeba skrini moja tu. Basi tukawakusanya wote katika chumba cha majarida, projekta moja, ukuta mmoja mweupe, na Ilunga akasimama pembeni akitafsiri kwa Kiswahili.

Hakuweza kutafsiri na huku filamu inakimbia. Akawa anasimamisha. Wanafunzi nao wakaanza kumwambia asimamishe. Siku chache baadaye chumba kizima kilikuwa kinapiga kelele na hakuna aliyeelewa chochote, ndipo Ilunga akaweka sheria.

"Mwenye kusimamisha, aseme juu ya nini amesimamisha," alitangaza. "Na mbele ya kuendelea, aseme nini itatokea."

Hapo ndipo uhondo ulipoanza! Mtu anapaza sauti, "Simamisha!" Picha inaganda. Anakwenda mpaka ukutani, anaonyesha kwa kidole, anasema ameona nini na anadhani ukuta utafanya nini. Mwingine anambishia. Wanagawanyika makundi. Wengine wanasimama juu ya mabenchi. Kisha Ilunga anaachia filamu, na nusu ya chumba inashangilia na nusu inashika vichwa. Filamu ya muda mfupi ilitupeleka mpaka saa ya chakula, na mara nyingi hatukuifikisha mwisho. Wanafunzi wa idara nyingine walianza kubanana mlangoni. Mama mmoja muuza maji aliingia kuuza, akabaki.

Aliyesimamisha kuliko wote alikuwa Clarisse, msichana wa mtaa wa Musonoi. Alikuwa mtulivu, hata nilidhani ana haya, mpaka picha ianze. Siku moja nilimwuliza kwa nini anasimamisha sana.

"Yaya yangu iko anachimba na bacreuseurs," alinijibu. "Anashuka mu shimo kila asubui. Mi nataka nijue, mbele udongo uanguke, unaonyeshaka nini."

Kumbe kaka yake ni mmoja wa wachimbaji wadogo wanaochimba kwa mikono. Nilikwenda kumtafutia filamu nyingine.

Basi fikirini hali yangu siku Bwana Katibu Mkuu wa Masomo aliponiita ofisini kwake. Alikuwa mtu wa haki, lakini aliogopa karatasi yoyote iliyotoka mbali. Mbele yake ilikuwako ripoti ya mfadhili. Kwa mujibu wa mashine yao ya kuhesabu, chuo chetu kilikuwa na mtazamaji mmoja. Kwa kweli wao waliona skrini moja. Na huyo mtazamaji, iliandikwa, anaonekana kuchoshwa na filamu: anasimamisha kila mara, anarudi nyuma, anaacha katikati. Hitimisho lilikuwa kwamba mkusanyiko haufai kwa mahitaji yetu. Mwisho wa mwaka wa masomo tungefungiwa, isipokuwa mjumbe wao ajaye kututembelea aone vingine.

Kuchoshwa! Sisi! Nilijaribu kueleza, maneno yakatoka yote kwa pamoja, Bwana Katibu akainua mkono.

"Mama, batu ya mbali banaona namba," alisema. "Tubape namba."

Akatoa agizo. Kuanzia wiki ile kila mwanafunzi atazame kwa simu yake, kimya, na filamu ifike mwisho bila kusimamishwa. Tulitii. Nawaambia, sijawahi kuona chumba cha huzuni kama kile. Kila mtu ameinamia simu, na kwenye kila simu kale kaduara kanazunguka, kanazunguka. Mtandao ulikuwa unakata roho. Waliobahatika kupata picha waliitazama peke yao, bila sauti, bila kuelewa Kiingereza chake, na wengine wakaziacha simu mezani zijimalizie zenyewe wakati wao wanapiga soga. Mwishowe Ilunga akauliza ukuta umeanguka kwa sababu gani. Wakainamia tena simu. Clarisse ndiye aliyejibu.

"Assistant, filme tumemaliza. Lakini hatukuona kintu."

Namba zilipanda. Bwana Katibu alifurahi akaniletea karatasi nizione. Mimi niliziona, na usiku huo sikula vizuri. Mwaka wangu wa kustaafu ulikuwa huo huo. Nilijiuliza: nitaondoka nikiwa nimewaachia nini hawa watoto, namba? Asubuhi nikamfuata Ilunga.

"Mujumbe akikuya, tutafanya yetu," nilimwambia.

"Na Bwana Secrétaire?"

"Bwana Secrétaire mi njo nitamujibu."

Mjumbe alikuwa Madame Hortense, mama wa makamo, amevaa suti ya rangi ya maziwa, na hilo peke yake lilionyesha kwamba ameishi Kinshasa muda mrefu na amesahau vumbi letu. Alizungumza Kifaransa cha ofisini. Bwana Katibu alimkalisha kwenye kiti cha nyuma, yeye akaketi kando yake na kitambaa cha jasho mkononi. Alipoona hakuna simu hata moja juu ya meza, aliniangalia kwa jicho ambalo sitalisahau.

Ilunga akaanzisha filamu. Mgodi mkubwa wa nchi ya mbali, ukuta wa ngazi ngazi, magari madogo chini yake kama siafu. Haukupita hata muda.

"Simamisha!"

Alikuwa Clarisse. Nyuma, Madame Hortense akaandika kitu kwenye kompyuta yake ndogo.

"Angalieni pale yulu," Clarisse alisema, kidole kwenye ukingo wa juu. "Hii fissure, hii ufa, haikukuwako. Mi nasema upande wa kushoto njo utaanguka."

"Hapana," akadakia Mwamba, kijana mwenzake wa darasa aliyependa ubishi kuliko chakula. "Kushoto kuko jiwe nguvu. Hautatoka."

Chumba kikalipuka. Wa kushoto, wa kulia, wa hautaanguka kabisa. Bwana Katibu alijifuta uso. Ilunga akaachia kidogo, mwingine akasimamisha, akaachia, wakasimamisha. Kila mara Madame anaandika. Nami nilishaanza kujilaumu moyoni, kwamba kiburi changu ndicho kitakachowanyima watoto hawa, wakati ukuta ulipoanza kushuka. Haukuanzia kushoto. Haukuanzia kulia. Ulianzia chini, mguuni, mahali ambapo hakuna aliyepaangalia, na juu ikafuata. Chumba kizima kikakosa pumzi.

"Simamisheni! Rudisheni nyuma!"

Sauti ilitoka kwenye kiti cha nyuma. Madame Hortense alikuwa amesimama. Na haikuwa kwa Kifaransa. Kumbe alizaliwa Likasi, mji wa migodi kama wetu!

"Pale chini, hamuone ile mayi?" alisema, anakuja mbele akipenya katikati ya mabenchi. "Iko inatoka mu mawe. Rudisheni, rudisheni! Mayi njo ilianza!"

Ilunga akarudisha. Maji yalikuwepo, mstari mwembamba unaong'aa mguuni mwa ukuta. Clarisse akapiga mikono. "Eh, mama! Ni kweli!" Na kabla hatujaachia tena, umeme ukakatika.

Bwana Katibu akasimama kuomba radhi kwa niaba ya chuo, ya mji na nadhani ya nchi. Hakuna aliyemsikiliza. Hakuna aliyetoka. Mwamba alikuwa bado anabisha kwamba maji kidogo vile hayawezi kuangusha ukuta, na Clarisse, badala ya kujibu, akaenda kwenye rafu akaanza kushusha majarida ya zamani yaliyojalidiwa. Akayapanga sakafuni kwa ngazi, moja juu ya jingine, mpaka ukawa ukuta wa mgodi wenye urefu wa kiuno chake. Mimi mkutubi, nikafumba macho.

"Ile ya chini njo mayi imelegeza," alisema. "Nani anaitosha?"

Madame Hortense akapiga magoti na suti yake ya maziwa kwenye sakafu yetu, akashika jarida la chini, akalivuta litoke. Ukuta mzima ukamwangukia miguuni. Kelele zilizopigwa pale zilisikika mpaka kwenye uwanja wa mpira. Mwamba mwenyewe alikuwa anashangilia.

Alipoinuka alikuwa na alama mbili nyekundu za vumbi magotini, wala hakuzifuta. Aliniuliza kama filamu ile ilikuwa imebakiza nyingi. Nikamwambia ukweli: nyingi, na filamu nyingi katika chumba hiki hatujawahi kuzimaliza kwa siku moja.

"Mashini yetu inahesabiaka bantu benye kunyamaza," alisema taratibu, kama mtu anayejiambia mwenyewe. Kisha akamgeukia Bwana Katibu. "Nani aliambia batoto batazame na simu?"

Bwana Katibu akagundua kwamba ana kikao mahali pengine.

Jibu lilichelewa. Madame Hortense alikuwa ametuahidi kupendekeza, lakini anayependekeza siye anayelipa, na mwaka ulikuwa unaisha. Nilianza kufungasha vitu vyangu ofisini. Clarisse alikuwa akipita kila siku kuniuliza kwa macho tu, nami nikimjibu kwa macho kwamba bado. Alikuwa anatazama filamu kama mtu anayekula akijua sufuria itaondolewa. Aliniambia kwamba jioni anamwonyesha kaka yake kwa rundo la mchanga nyuma ya nyumba yale aliyoyaona mchana, na kwamba kaka yake siku hizi huangalia mguu wa ukuta kabla ya kushuka.

Nilikuwa nimebakiza siku chache tu za kazi nilipomwona Bwana Katibu akija maktaba. Hakuwa anatembea, alikuwa anakimbia, mtu mzima na tai yake begani. Hakusalimia hata.

"Imekubaliwa, Mama! Bamekubali! Na bameandika, tuendelee bile bile, na kusimamisha yetu!"

Jamani, nilimkumbatia. Katibu Mkuu wa Masomo mzima, nilimkumbatia mbele ya wasomaji, na yeye akanipigapiga mgongoni akisema sawa Mama, sawa. Kisha nikamwacha amesimama pale, nikakimbia na miguu yangu hii mibovu mpaka chumba cha majarida, nikasukuma mlango, nikapita moja kwa moja mpaka mbele ya projekta.

"Hawatatufungia!" nilipaza sauti. "Filamu zinabaki! Zote zinabaki!"

Waliruka. Walipiga meza, Ilunga akarusha chaki juu, Mwamba akamkumbatia muuza maji. Nilikuwa ninalia na kucheka kwa pamoja, mikono hewani, mgodi mzima umechorwa kwenye gauni langu. Clarisse alikuja akanishika mikono yote miwili, macho yake yamejaa.

"Aksanti, mama. Aksanti sana," alisema. Akajifuta uso. "Sasa toka mbele ya écran, ukuta unaanza kusogea."

Nikatoka mbele ya picha, nikajibanza kwenye benchi kando ya muuza maji, na Ilunga akaiachia filamu.